Daktari Umwamini Kiasi Gani? Mwongozo Kamili wa Mzazi Kuhusu Chanjo na Lishe

Mtoto wangu wa pili alipotimiza miezi tisa nilimpeleka kliniki kupata chanjo ya surua. Daktari aliyetuona, mtu mpole na msikivu, aliniambia mambo mawili kabla sijatoka. La kwanza: "Mama Zawadi, chanjo ya leo usiikose, na ya pili umlete akifika mwaka mmoja na nusu." La pili alilisema alipoitazama kadi na kuona uzito umesimama: "Mwongezee uji. Mayai bado, subiri atimize mwaka." Niliyachukua yote mawili kwa uzito uleule, maana yametoka kinywa kimoja.

Wiki chache baadaye afisa lishe alipita mtaani kwetu. Akaona kuku wanazunguka uani, akauliza mtoto anakula mayai mangapi kwa wiki. Nikamweleza nilivyoelekezwa. Akatikisa kichwa: "Dada, mtoto akishatimiza miezi sita, yai ni haki yake." Nilifuatilia nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwenye chanjo daktari alikuwa sahihi kabisa. Kwenye yai alikuwa ananipa ushauri uliokwisha kuachwa miaka mingi.

Tangu siku hiyo sijiulizi tena kama namwamini daktari. Najiuliza hiki anachoniambia kimetoka wapi. Mwongozo huu nimeuandikia mzazi anayetaka kuuliza hivyo hivyo bila kumvunjia mtu heshima na bila kumweka mtoto hatarini.

Hatua ya 1: Jua unayemwita daktari ni nani

Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. Tabibu wa zahanati ni daktari, muuguzi ni daktari, hata kijana wa duka la dawa muhimu tunamwita "dokta". Ni heshima nzuri, ila inaficha jambo: kila mmoja wao amesomea kitu chake. Daktari bingwa wa mifupa anaweza kuwa hodari sana chumba cha upasuaji na asikumbuke ratiba ya chanjo. Nesi wa kliniki ya mama na mtoto, anayechanja watoto kila siku ya Mungu, huwa anaijua ratiba hiyo kwa moyo. Na kwenye chakula, aliyesomea ni afisa lishe. Halmashauri nyingi Tanzania zina afisa lishe wao, nasi wengi wetu hatujawahi kumtafuta hata mara moja.

Uliza kwa upole: "Samahani, wewe ni tabibu, daktari au afisa lishe?" Mtaalamu wa kweli hakasiriki. Ukiwa na shaka na mtu anayejitangaza mtandaoni, jua kwamba madaktari husajiliwa: Tanzania Bara na Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya na baraza lao la madaktari, na Kenya wataalamu wa lishe nao wana taasisi yao ya usajili kwa mujibu wa sheria. Jina lisilopatikana kwenye daftari lolote la usajili halina haki ya kumwelekeza mwanao.

Hatua ya 2: Uliza maneno yametoka wapi

Anachokwambia daktari kinaweza kuwa mwongozo wa wizara. Kinaweza kuwa somo alilolisikia chuoni miaka 20 iliyopita. Kinaweza kuwa uzoefu wake wa wagonjwa aliowaona, au tu alichofundishwa na mama yake akiwa mtoto kama sisi. Sauti haibadiliki, kwa hiyo wewe msikilizaji huwezi kutofautisha mpaka uulize.

Swali langu ni hili, na nimelitumia mara nyingi: "Daktari, hili ndilo wizara inavyoelekeza, au ni ushauri wako mwenyewe?" Akijibu kuwa ni ushauri wake, hajakosea kitu. Uzoefu una thamani. Ila sasa unajua umeshika nini mkononi.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini kwenye chanjo anastahili imani kubwa

Hapa nakaa zaidi, maana ndipo kosa linapoua.

Daktari anapokwambia mtoto achanjwe, hasemi la kwake. Nyuma yake kuna majaribio ambamo maelfu ya watoto waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likapata chanjo na jingine halikupata, kisha wagonjwa wakahesabiwa kila upande. Baada ya majaribio kuna mamlaka zinazopitisha dawa, na baada ya hapo kuna ufuatiliaji wa madhara unaoendelea muda wote chanjo inapotumika.

Chukua chanjo ya rota, ile ya matone ya kuzuia kuhara ambayo mtoto huanza kupewa akiwa na wiki 6. Ya kwanza kabisa ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ndani ya mwaka mmoja mfumo wa ufuatiliaji uliona watoto wachache wakipata tatizo la utumbo kujikunja na kuingia ndani ya utumbo mwenzake. Hatari ilikadiriwa kuwa kama mtoto mmoja kati ya 10,000. Mwaka 1999 chanjo ile ikaondolewa sokoni. Mbili kubwa zilizofuata zilijaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000, makusudi ili hatari adimu kama ile ionekane mapema. Tanzania ilianza kutoa ya rota mwanzoni mwa 2013, kutoka kizazi hicho cha pili.

Watu hunisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba chanjo ni hatari. Mimi nakisoma kinyume. Mfumo uliona jambo linalompata mtoto mmoja kati ya elfu kumi, ukalitangaza na ukaiondoa bidhaa. Nani anawafuatilia hivyo watumiaji wa dawa ya mitishamba inayouzwa stendi?

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita. Uvumi mkubwa dhidi ya chanjo mara nyingi umeanzishwa, au umepewa nguvu, na madaktari wenyewe. Andrew Wakefield, aliyedai mwaka 1998 kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji, alikuwa daktari Uingereza, na andiko lake lilihusu watoto 12 tu. Ilikuja kubainika kwamba alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji, naye hakusema. Mwaka 2010 jarida lililolichapisha likaliondoa andiko lile, naye akafutwa kwenye daftari la madaktari. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2019 ulifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na haukuona uhusiano wowote na usonji.

Karibu nasi zaidi, mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walisema chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ilikuwa na homoni ya ujauzito iliyowekwa ili kuzuia mimba, na chama cha madaktari Wakatoliki kikasimama nao. Maswali yao yalikuwa ya haki: kwa nini wanawake tu, na kwa nini dozi tano? Majibu yapo. Pepopunda humuua kichanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na kinga ya mama ndiyo inayomlinda, ndiyo maana hulengwa wanawake wa umri wa kuzaa. Dozi tano ndiyo ratiba ya kawaida kwa mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni. Vipimo vilivyotajwa kama ushahidi vilifanywa kwa mitambo iliyotengenezwa kupima damu ya binadamu, siyo chanjo. Linaloniuma katika kisa hiki ni kwamba majibu yalichelewa kufika vijijini, hofu ikawahi.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Daktari anayerudia kile ambacho wizara, Shirika la Afya Duniani na madaktari wa watoto wa nchi zisizopendana wote wanakisema, mwamini sana. Daktari mmoja anayesimama peke yake kinyume na wote hao, cheo chake hakitoshi. Mwombe ushahidi wenye uzito kuliko wao.

Hatua ya 4: Yafanye haya siku ya chanjo

Imani haikuzuii kuangalia. Chupa nyingi za chanjo za watoto zina alama ndogo: duara, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mraba ukifanana na duara au ukikolea zaidi yake, chupa hiyo haifai. Mwombe nesi akuonyeshe. Wengi hufurahi, kwa sababu ni kazi yao nzuri unayoikagua. Chanjo nyingi hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, hivyo umeme ukikatika kutwa nzima ni halali kuuliza jokofu limehifadhiwaje.

Chupa ya surua kwa kawaida ina dozi kumi, na ikishachanganywa haitumiki zaidi ya saa sita. Ndiyo maana katika baadhi ya vituo mama huambiwa arudi siku watakayokuwa watoto wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika. Ukirudishwa, uliza ni siku gani hasa wanafungua, waiandike kwenye kadi, na uende siku hiyo. Wapo watoto wanaokosa chanjo ya surua kwa sababu mama zao walifika kituoni wakarudishwa, wakachoka.

Kuna na swali la ndugu walio ughaibuni. Dada yako yuko Marekani, anakuambia huko surua huchanjwa kuanzia mwaka mmoja, mbona ninyi miezi tisa? Wote wako sahihi. Kinga aliyoipata mtoto kwa mama yake tumboni huizuia chanjo isishike vizuri, na hupungua kadiri anavyokua. Ukisubiri, inashika zaidi. Lakini palipo na surua nyingi, kusubiri ni kumwacha mtoto wazi. Nchi zetu zimechagua miezi tisa, ambapo watoto kama 85 kati ya 100 hupata kinga, na dozi ya miezi 18 inawafuata waliobaki. Kwa sababu hiyo dozi ya pili si ya hiari.

Muulize nesi maudhi madogo madogo yatakayotokea. Homa ya siku moja au mbili na uvimbe mahali pa sindano ni kawaida. Ya surua inaweza kuleta homa na vipele baada ya wiki moja hivi. Kidonda cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kiache chenyewe, usikipake kitu. Ila degedege, kuvimba uso, kupumua kwa shida, au kulia mfululizo zaidi ya saa tatu, rudi kituoni hapo hapo na usisitize iandikwe. Taarifa yako ni sehemu ya ule ufuatiliaji uliokamata tatizo la rota. Na mafua mepesi hayamzuii mtoto kuchanjwa.

Hatua ya 5: Kwenye lishe, punguza kasi

Rudi kwenye yai langu. Katazo lile lilikuwa na chimbuko. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri watoto wenye hatari ya mzio wasipewe mayai hadi miaka miwili, na karanga hadi mitatu. Haukuwa na majaribio nyuma yake; ilionekana ni busara tu, nao ukaenea vyuoni duniani. Mwaka 2008 wakauondoa. Mwaka huohuo watafiti walikuwa wamegundua kwamba watoto wa Kiyahudi wa London walikuwa na mzio wa karanga mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa Israel, ambao hula vitafunwa vya karanga tangu wakiwa wachanga. Ikabidi lijaribiwe kwa haki: watoto 640 wenye hatari kubwa, nusu wakala karanga mapema, nusu wakakatazwa. Matokeo yalitoka 2015. Walipofika miaka mitano, waliokatazwa walikuwa na mzio asilimia 17 hivi, waliokula asilimia 3. Katazo lenyewe ndilo lililokuwa likizalisha ugonjwa.

Wamama wanaoishi na VVU wamelipitia jambo zito kuliko hilo. Kuna waliokatazwa kunyonyesha, kuna walioambiwa waachishe ghafla mtoto akifika miezi sita. Kisha ikaonekana watoto walioachishwa mapema walikuwa wakifa kwa kuhara na utapiamlo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema mama anayetumia ARV anyonyeshe hadi mwaka mmoja, na 2016 likasogeza hadi miaka miwili au zaidi. Nesi aliyekutesa kwa agizo la kwanza hakuwa mbaya. Alifuata kilichojulikana. Lakini ikiwa bado unasikia agizo lile leo, hapo una haki ya kuuliza limeandikwa mwaka gani.

Kwa nini lishe huyumba kuliko chanjo? Sindano ni moja na siku yake inajulikana. Chakula ni kila siku kwa miaka, na huwezi kuwafungia watu elfu kumi wale mchicha wengine wasile. Anayekula matunda kila siku mara nyingi pia ana kipato, maji safi na muda wa kupumzika. Nini kilimpa afya? Mafunzo nayo ni machache: uchunguzi wa vyuo vya udaktari Marekani uliochapishwa 2010 ulikuta wastani wa saa zisizofika 20 za somo la lishe katika masomo yote ya udaktari.

Na chakula kingi hakimaanishi lishe. Takwimu za Tanzania za 2022 zilionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kitaifa, lakini Iringa ulikuwa karibu 57 na Njombe 50. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi! Ukiambiwa tu "mlishe vizuri" hujaambiwa kitu.

Hatua ya 6: Tenga mashauri ya lishe yenye mizizi na yanayoelea

Yenye mizizi yafuate bila kusita. Maziwa ya mama pekee miezi sita, bila hata maji. Chumvi yenye madini joto. Foliki asidi kabla ya mimba na mwanzoni mwake kuzuia mgongo wazi, jambo lililothibitishwa kwa majaribio mwaka 1991. Vidonge vya madini chuma kwa mjamzito, visimezwe kwa chai maana chai huzuia chuma kisifyonzwe. Matone ya vitamini A. Baada ya miezi sita, kila siku kitu kilichotokana na mnyama: yai, dagaa, samaki au nyama. Na yale ya mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, yaache.

Hapo hapo weka maelekezo ya chakula yanayoambatana na ugonjwa na dawa. Ukiwa unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari akikwambia usibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, msikilize, maana vitamini K iliyomo huipinga dawa hiyo. Mwenye figo, mwenye kisukari, mtoto mwenye utapiamlo mkali: hawa chakula chao ni tiba, na tiba ni ya daktari pamoja na afisa lishe. Asitokee mtu mtandaoni akakuachisha insulini kwa sababu umeacha ugali. Watu hufa hivyo.

Yanayoelea ni vyakula vya miujiza, kusafisha damu, na unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili. Unga huo nauzungumzia kwa uchungu kwa sababu mama huutengeneza kwa upendo. Kadiri unavyochanganya mahindi, karanga, soya na vingine vilivyohifadhiwa ovyo, ndivyo unavyokaribisha sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo haionekani wala haitoweki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kenya mwaka 2004 iliua 125. Nafaka moja iliyokauka vizuri, isiyo na ukungu, kisha yai au dagaa, mboga na mafuta kidogo vikiongezwa wakati wa kulisha, inashinda mchanganyiko wote huo.

Hatua ya 7: Tazama kama anauza

Nesi anayemchanja mwanao kwenye kituo cha serikali hana faida binafsi ya dozi ile. Anayekushauri kopo la virutubisho na kopo liko mezani kwake, analo. Ushauri wake unaweza kuwa kweli, ila mwombe akuandikie jina la kiambato ukanunue kwingine, uone atajibuje. Kwenye maziwa ya kopo ipo kanuni ya kimataifa tangu 1981 inayokataza makampuni kuwapa mama sampuli za bure na kuwashawishi watumishi wa afya kwa zawadi. Ukipewa kopo la bure wodini, kataa na uulize limetoka wapi.

Hatua ya 8: Jifunze kutofautiana kwa adabu

Andika maswali kwenye daftari kabla hujaenda, matatu tu, maana foleni ni ndefu. Sema, "Daktari, nisaidie kuelewa," kisha uliza: Hili limetokana na mwongozo wa mwaka gani? Nisipofanya, nini kitatokea, na kwa wangapi? Kuna mwingine aliyelisomea zaidi ninayeweza kumwona? Akikosa muda, omba rufaa kwa afisa lishe. Kwenye chanjo usiahirishe huku ukitafuta jibu la pili, kwa sababu surua haisubiri: mgonjwa mmoja huwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kwenye chakula cha mtoto mzima anayekua vizuri, wiki mbili za kuulizauliza hazimdhuru.

Tuliporudi kwa dozi ya pili ya surua, daktari alikuwa yuleyule. Nilimwamkia, nikamwonyesha mstari wa kadi uliopanda na ukurasa niliopewa na afisa lishe. "Daktari, wewe uliniambia yai mpaka mwaka. Huku wanasema miezi sita." Aliusoma kimya mpaka mwisho, akauliza umetolewa na nani, kisha akatoa simu akaupiga picha. Akamshika mtoto mkono, akamwambia nesi alete sindano.